Pima Mzigo kwa Breki, Si kwa Miguu

Mavuno yakianza hapa kwetu Ziwa, upande wa Eldoret, kuanzia Oktoba hadi mwaka ukaribie kuisha, kila chenye magurudumu huingia kazini. Trekta huvuta trela za mahindi, punda huvuta mikokoteni, bodaboda hupita na magunia yamepandana nyuma ya dereva. Mwenye baiskeli naye hutazama keria yake, akamtazama fundi wa kuchomelea, akauliza: huwezi kunitengenezea katrela ka kufunga hapa nyuma?

Fundi anaweza, na wazo si baya. Trela ya baiskeli hainywi petroli wala haidai nyasi. Mzigo ulio juu ya keria huyumbisha baiskeli na kuinua usukani, lakini ulio kwenye trela hukaa chini, juu ya magurudumu yake wenyewe. Kwa mkulima anayepeleka maziwa kituoni kila asubuhi, au mama anayetoa mboga shambani hadi senta, trela inaweza kuokoa nauli ya mwaka mzima.

Shida ni kwamba inavutika kirahisi mno. Kwenye tambarare, mtu mwenye miguu ya kawaida huweza kuvuta kilo 100 na akadhani amemaliza hesabu. Miguu imekubali, basi mzigo umekubalika. Lakini baiskeli huweza kuvuta mzigo ambao haiwezi kuusimamisha, na hatari ya trela huanzia hapo. Ushauri wote ulio hapa chini unatoka kwenye kanuni moja: kiasi cha mzigo kiamuliwe na breki.

Hesabu ya kusimama

Chukua mwendeshaji wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 20. Jumla kilo 90. Akienda kilomita 20 kwa saa, anapita mita 5 na nusu hivi kila sekunde, na sekunde moja hupotea kabla vidole havijakaza breki. Breki ikiwa nzima na barabara ikiwa kavu, atahitaji kama mita 8 nyingine ndipo asimame.

Sasa mfungie trela ambayo, pamoja na mzigo wake, ina kilo 80. Jumla ni kilo 170, lakini breki ni zile zile mbili na tairi zinazoshika ardhi kwa ajili ya kusimama ni zile zile mbili. Zile mita 8 zinakuwa kama 15. Ukijumlisha na sekunde ya kwanza, ameshapita mita 20 tangu aone ng'ombe akikatiza barabara.

Habari njema ni kwamba mwendo ukipunguzwa nusu, umbali wa kukaza breki hupungua hadi robo. Mtu huyo huyo, na trela hiyo hiyo, akienda kilomita 10 kwa saa, anasimama ndani ya mita 4 baada ya breki kushika. Hakuna kifaa utakachonunua Eldoret kitakachokupa usalama kiasi hicho kwa bei hiyo.

Mteremko nao una hesabu yake. Barabara ikishuka mita 5 kwa kila mita 100, kilo 170 zinakusukuma kutoka nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8 na nusu, na msukumo huo haupumziki hadi ufike chini. Ndiyo sababu breki iliyoridhisha senta hukataa kwenye mteremko wa mtoni.

Angalia pia ni breki za aina gani. Zile baiskeli nzito za chuma, Black Mamba, zina breki za vyuma vinavyovuta raba kwenye rimu ya chuma. Rimu hiyo ikilowa, raba huteleza na umbali wa kusimama hurefuka sana. Breki ya kukanyaga nyuma, kama iliyo kwenye baiskeli za Buffalo ambazo shirika la World Bicycle Relief husambaza kutoka Kisumu, imo ndani ya habu na haijali mvua. Lakini nayo hutegemea cheni: cheni ikiruka, breki imekwenda nayo. Anayevuta trela asitegemee breki moja. Awe na ya mbele na ya nyuma, zote zinafanya kazi, na azijaribu kabla ya kutoka nyumbani.

Kilo ngapi zinatosha?

Ujerumani, ambako trela za baiskeli zimekuwa kawaida kwa miaka mingi, mwongozo wa serikali wa 1999 ulipendekeza trela isiyo na breki yake isizidi kilo 40, na yenye breki isizidi 80. Hesabu hiyo ni pamoja na uzito wa trela yenyewe. Na hao wana lami.

Linganisha na mizigo ya kwetu. Gunia la mahindi la kilo 90 limepita viwango vyote viwili kabla hujahesabu chuma cha trela. Kopo la alumini la lita 50 likijaa maziwa lina zaidi ya kilo 51 za maziwa peke yake, bila kopo. Mfuko wa mbolea ni kilo 50, sawa na wa saruji. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Kwa trela isiyo na breki, mzigo wa busara ni mtungi mmoja, au nusu ya mfuko wa mbolea, au mahindi debe moja. Ukiwa na trela yenye breki, na barabara ikiwa tambarare, unaweza kupanda hadi mfuko mmoja wa mbolea.

Najua mtakachosema: hiyo ni trela au kikapu? Gunia la kilo 90 ligawe, uende mara mbili au tatu. Kama njia ina mteremko mkali, mpe mwenye punda kazi hiyo. Wala usimsikilize anayekulipa akikwambia uongeze kidogo ili amalize mzigo wake leo. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye anahesabu safari, na wewe ndiwe utakayekuwa mbele ya hizo kilo kwenye mteremko.

Usichanganye pia uwezo wa keria na uwezo wa kuvuta. Keria ya Buffalo imeundwa kubeba hadi kilo 100, na watu hudhani basi baiskeli hiyo itavuta mara mbili yake. Mzigo wa keria hukandamiza gurudumu la nyuma na kulisaidia kushika ardhi. Wa trela hausaidii tairi hata kidogo, unasukuma tu.

Kumwelekeza fundi

Mafundi wetu wa jua kali wana mikono mizuri, lakini wengi wao wametengeneza mikokoteni zaidi kuliko trela za baiskeli, na tofauti zipo. Mambo manne usiyaache mikononi mwake bila kuyasema.

La kwanza ni kiungo. Kisiwe kamba wala cheni. Kamba huvuta lakini haizuii: ukikaza breki, trela inaendelea kuja na kukugonga kwa nyuma. Kiwe bomba la chuma lenye kiungo kinachokubali kupinda kushoto na kulia, juu na chini, na kuzunguka, ili baiskeli ikianguka ubavu trela ibaki imesimama. Kifungwe chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto ambako hakuna cheni. Kisifungwe kwenye nguzo ya kiti: hapo juu, kila breki na kila kona humsukuma mwendeshaji ubavuni. Bolti iwe na pini ya kuzuia nati isifunguke. Kisha ongeza mkanda imara au mnyororo mfupi unaounganisha trela na fremu, ulegee kidogo, ili kiungo kikikatika trela isiende peke yake kati ya watu.

La pili ni ekseli. Gurudumu la baiskeli limeundwa kushikwa pande zote mbili, kama foki inavyolishika. Fundi akilifunga kwa upande mmoja tu, kama la toroli, ekseli ile nyembamba huanza kupinda. Hutaiona siku ya kwanza. Baada ya wiki chache tazama trela kutoka nyuma ikiwa na mzigo: ukiona magurudumu yameegemea ndani kwa juu, au tairi inalika upande mmoja, ekseli imeshainama na siku moja itakatika. Mwambie fundi atengeneze fremu inayolishika gurudumu ndani na nje, au atumie ekseli nene moja inayopita kutoka gurudumu hadi gurudumu.

La tatu ni upana na urefu wa kwenda juu. Usukani wa baiskeli ni kama sentimita 60. Trela ya sentimita 75 hadi 80 inatosha. Ikizidi hapo, utapita kwenye lango au kati ya matatu mbili na kusahau kuwa nyuma yako kuna kitu kipana kuliko wewe. Sakafu iwe chini iwezekanavyo bila kugusa matuta, na pawe na nafasi ya vidole vitatu kati ya tairi na fremu, maana matope ya Aprili hushikana na kufunga gurudumu.

La nne ni breki ya trela yenyewe, ikiwa unakusudia kuvuta zaidi ya kilo 40. Fundi hodari anaweza kuweka breki za baiskeli kwenye magurudumu yote mawili na kuvuta waya hadi kwenye usukani. Sharti ni moja: zishike sawa. Breki ikikaza kushoto na kulegea kulia, trela hujipinda kila unapoigusa. Goma, wenye chukudu, zile skuta kubwa za mbao zinazobeba mamia ya kilo kutoka milimani, hufunga kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma na kukikanyaga kwa mguu wanaposhuka. Ni chombo cha mbao na misumari, lakini hakishuki mlima bila kitu cha kukizuia.

Kupakia

Uzito mkubwa uwekwe juu ya ekseli, ukisogea mbele kidogo. Baada ya kupakia, kabla ya kufunga kwenye baiskeli, inua mkono wa trela kwa mkono mmoja. Kwa mzigo wa kilo 40 unatakiwa kuhisi kilo 2 hadi 4. Ukiona mkono unataka kuinuka wenyewe, mzigo umekaa nyuma mno: ukiingia barabarani trela itainua gurudumu la nyuma la baiskeli, nalo lisiposhika ardhi halina breki. Ukihisi kama kilo 10, umeweka mbele mno, na gurudumu la nyuma litaumia spoki.

Funga kila kitu kwa blada, na juu ya blada pitisha kamba isiyovutika. Blada peke yake hunyumbuka, na mzigo unaonyumbuka huanza kucheza wenyewe kwenye matuta. Maziwa ni tatizo la aina yake. Kopo lililojaa hadi shingoni hutulia, na lililo tupu halina neno. La nusu ndilo lenye hila: ukikaza breki maziwa hukimbilia mbele na kusukuma, ukikata kona hukimbilia ubavuni. Kama una lita 25, tafuta chombo cha lita 25.

Barabarani

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikudai leseni ya udereva kwa baiskeli, lakini inakuhesabu mtumiaji wa barabara kama wengine. Unakwenda kushoto, unafuata ishara, na ukiendesha ovyo unawajibika. Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwa magari ndani ya senta na miji. Wewe na mimi tunajua lori la mahindi likipita Ziwa linaendaje, kwa hiyo usipange usalama wako juu ya kikomo hicho.

Kwenye lami, hatari kubwa iko ukingoni. Mahali pengi lami imeinuka kuliko bega la barabara. Gurudumu la trela likidondoka pale, linaivuta baiskeli nzima, na ukijaribu kurudi kwa kujipenyeza polepole, tairi hukwaruza ukingo na trela inapinduka. Ukitoka nje ya lami, simama, shuka, vuta trela irudi kwa kukata ukingo moja kwa moja. Matuta nayo yavuke kwa kunyooka. Ukiyakata kwa mshazari, gurudumu moja huinuka kabla ya jingine na mzigo unamwagika.

Kona ya kushoto ichukue kwa upana, kwa kuwa trela hukata ndani kuliko baiskeli na itaingia mtaroni au kumgonga mguuni aliyesimama ukingoni. Kona ya kulia, kwenye barabara yenye magari, usiikate ukiwa juu ya kiti: simama kushoto, subiri, vuka kwa miguu ukisukuma.

Kwenye barabara ya murram adui ni changarawe iliyolegea. Usikaze breki huku umepinda. Trela husukuma gurudumu la nyuma upande, baiskeli na trela hukunjana, na mwendeshaji hujikuta katikati. Maliza breki kabla ya kona, kisha ingia konani ukiwa umelegeza. Mteremkoni usingoje mwendo uzidi ndipo ukaze. Anza polepole ukiwa bado juu, na kama huwezi kusimama kabisa mahali popote utakapotaka, huo si mteremko wa kushuka ukiwa juu ya kiti. Shuka, tembea ubavuni, mkono kwenye breki.

Kupanda nako kuna hila. Ukisimama katikati ya mlima trela hurudi nyuma na kujikunja. Beba kabari mbili za mbao zilizofungwa kwa uzi kwenye trela. Weka kabari nyuma ya magurudumu kabla ya kupumzika, na usifungue kiungo kamwe trela ikiwa na mzigo mlimani.

Giza huku kwetu huingia mapema, kufikia saa moja jioni jua limeshazama. Taa ya nyuma ya baiskeli haionekani tena ikishafunikwa na mzigo, kwa hiyo trela iwe na taa yake nyekundu, na viakisi vyekundu viwili, kimoja kila pembe, ili dereva aone upana na siyo nukta moja. Ujerumani wameweka kanuni maalumu ya taa za trela za baiskeli tangu 2018. Mchana, funga kijiti chenye kitambaa cha rangi kali kifike usawa wa kichwa chako, kwa sababu dereva wa lori aliyekaa juu haoni kitu kilicho usawa wa goti. Usijishike kamwe kwenye lori au trekta ili likuvute mlimani.

Na safari ya Eldoret? Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na msongamano wake ulikuwa wa jiji hata kabla ya hapo. Trela ya baiskeli ni chombo cha shamba hadi senta, au senta hadi kituo cha maziwa. Mzigo wa mjini upakie kwenye gari.

Watoto na wagonjwa

Bodaboda yenyewe ilianza kama baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia, miaka ya 1960, kwa hiyo kubeba mtu kwenye keria tumekulia nako. Kwenye trela ni jambo jingine, kwa kuwa aliye nyuma humwoni wala hamuonyeshani ishara. Ujerumani sheria inaruhusu watoto wawili tu, walio chini ya miaka 7, katika trela iliyoundwa kwa ajili yao, na anayeendesha awe ametimiza miaka 16. Trela ya mahindi haina kiti, haina mkanda, haina kinga ya spoki. Usimpakie mtoto humo hata kama shule iko hapo tu, na usimruhusu kukaa juu ya mzigo.

Mgonjwa ni suala la dharura, na penye barabara ya gari, gari ndilo la kumfikisha hospitali ya Ziwa. Lakini kuna mfano wa kuiga kwa vijiji ambavyo gari halifiki. Shirika la FABIO la Jinja, Uganda, limesambaza ambulansi za baiskeli: kitanda cha magurudumu mawili, chenye mikanda na kivuli, kinachofungwa nyuma ya baiskeli. Kikundi cha kijiji kikitaka kununua trela ya pamoja, kiulizie ya namna hiyo. Isitumike kwa mbolea siku nyingine, na wenye kuiendesha wawe wawili: mmoja kwenye baiskeli, wa pili nyuma kwa miguu akishikilia kwenye mteremko.

Jaribio kabla ya kuanza

Usiingie barabarani na trela mpya kabla ya kuijaribu mahali ambapo hakuna gari, kama kiwanja cha mpira au njia ya shamba. Vaa helmeti. Chora mstari chini. Njoo na baiskeli tupu kwa mwendo wako wa kawaida, kaza breki ukifika kwenye mstari, kisha hesabu hatua hadi uliposimama. Fanya hivyo tena ukiwa na trela tupu, halafu na nusu ya mzigo, halafu na mzigo wote. Hatua zikizidi mara mbili ya zile za kwanza, mzigo umepita uwezo wako: toa kitu, au punguza mwendo, urudie hadi zirudi ndani ya kiwango.

Ukishapata kiasi chako, chora alama ya rangi kwenye ubao wa trela kuonyesha mzigo unapoishia. Siku ya mavuno, watu wakiwa wamesimama nawe na kila mmoja akitaka mfuko wake uingie, alama hiyo itakusaidia kusema hapana. Jaribio hilo lirudie mvua zikianza, na kila unapobadilisha raba za breki.